Dizzy Dean, Mrusha Mpira Aliyegeuka Mtangazaji

Hapa Namanyere, mwanafunzi aliyekulia katika Kifipa hutambulika mara afunguapo kinywa kwenye mdahalo, na wachekao hawakosekani. Kwa ajili hiyo nimependa kuwapa wasomaji habari za Mmarekani mmoja aliyechekwa kwa usemi wake, naye akalipwa mshahara kwa usemi huo huo.

Jina lake lilikuwa Jay Hanna Dean. Alizaliwa Lucas, katika jimbo la Arkansas, tarehe 16 Januari, 1910. Baba yake alilima pamba katika mashamba ya wengine, mama yake alifariki mapema, na mtoto akachuma pamba badala ya kukaa darasani. Baadaye aliingia jeshini, na huko ndiko alikopewa jina la Dizzy, yaani mwenye kizunguzungu.

Mchezo wake ulikuwa besiboli. Kwa wasioujua, mtu mmoja huurusha mpira mdogo mgumu kwa nguvu, na mpinzani husimama na gongo akijaribu kuupiga. Mwaka 1934 Dean alishinda michezo 30 akiwa na St. Louis Cardinals. Tangu hapo ni mtu mmoja tu aliyefikia idadi hiyo katika ligi kuu za Marekani, mwaka 1968. Katika fainali dhidi ya Detroit Tigers, yeye na mdogo wake Paul walishinda michezo miwili kila mmoja, na minne ndiyo iliyohitajiwa kutwaa ubingwa.

Mwaka 1937 mpira uliopigwa na Earl Averill ulimvunja kidole cha mguu. Hakungoja kipone. Akawa anarusha kwa kuukwepesha ule mguu, na mkono ukaharibika. Ajabu ya kidole cha mguu kuumaliza mkono! Mwaka 1941 aliacha, akiwa na miaka 31 tu.

Mwaka ule ule akaanza kutangaza redioni, St. Louis. Alisema vile vile kama wachuma pamba wa kwao, na wasikilizaji wakampenda. Mwaka 1946 walimu wa Missouri walilalamika kwamba anawaharibia watoto Kiingereza. Nao walikuwa na haki yao, maana kitenzi cha kuteleza alikinyambua kwa namna isiyo katika kitabu chochote. Hata hivyo hakuondolewa.

Jambo linipendezalo zaidi ni la mwaka 1947. Alipokuwa akitangaza michezo ya St. Louis Browns, aliwakosoa mno warushaji wao, mpaka akaitwa uwanjani aonyeshe yeye. Tarehe 28 Septemba alirusha kwa zamu nne, na Chicago White Sox hawakupata alama hata moja. Kisha akashika gongo, akaupiga mpira, akaumia msuli alipokimbia, akarudi kwenye kazi yake ya kutangaza.

Mwaka 1953 aliingizwa katika jumba la heshima la besiboli, na mwaka huo huo akaanza kutangaza katika televisheni ya nchi nzima, kazi aliyoifanya hadi 1965. Alifariki Reno, Nevada, tarehe 17 Julai, 1974, akazikwa Bond, Mississippi, nyumbani kwa mkewe Patricia.