Bronisław Komorowski, padri aliyewatafutia Wapolandi wa Danzig kanisa lao

Tarehe 22 mwezi wa tatu 1940 ilikuwa Ijumaa Kuu. Siku hiyo, karibu na kambi ya Stutthof, mashariki ya mji wa Danzig, Wajerumani waliwapiga risasi Wapolandi 67. Kati yao alikuwako padri wa miaka 50 ambaye kwa zaidi ya miaka ishirini alipigania jambo moja: watu wake wasali kwa lugha yao, katika nyumba yao wenyewe.

Bronisław Komorowski alizaliwa tarehe 25 mwezi wa tano 1889 katika kijiji cha Barłożno, kusini ya Danzig. Wakati ule Polandi haikuwa kwenye ramani. Tangu mwisho wa karne ya 18 majirani watatu, Urusi, Austria na Prusia, walikuwa wameigawana, na Barłożno iliangukia upande wa Prusia, yaani Ujerumani. Mtoto wa Kipolandi alisoma kwa Kijerumani, na mzazi wake alijitetea mbele ya hakimu kwa Kijerumani. Kipolandi kilibaki nyumbani na kanisani. Ndiyo sababu wakubwa wa Prusia waliwaangalia mapadri wa Kipolandi kwa jicho baya.

Komorowski alisoma Pelplin, makao ya askofu wa jimbo, kisha sekondari katika mji wa Chełmno, halafu akarudi Pelplin kuingia seminari. Alipewa upadri mwaka wa 1914, miezi michache kabla ya Vita ya Kwanza ya Dunia. Haukupita muda mrefu, akatumwa Danzig, mji ambao Wapolandi wanauita Gdańsk, kuwa padri msaidizi katika kanisa la Mtakatifu Nikolasi.

Vita ilipoisha, Polandi ilirudi kuwa nchi. Mkataba wa Versailles wa 1919, uleule ulioinyang'anya Ujerumani makoloni yake, pamoja na Rwanda na Burundi jirani zetu, ulizungumzia pia Danzig. Polandi ilihitaji bandari. Lakini wakaaji wa Danzig, zaidi ya tisa kwa kumi, walikuwa Wajerumani. Wakubwa wa dunia wakakata shauri la katikati: Danzig haitakuwa ya Ujerumani wala ya Polandi. Mwaka wa 1920 ikafanywa Mji Huru, chini ya ulinzi wa Ushirika wa Mataifa, chama kilichotangulia ONU. Polandi ilipewa haki juu ya reli, posta yake na sehemu ya kazi za bandari. Serikali ya mji, yaani Seneti, polisi na mahakama vilibaki mikononi mwa Wajerumani. Shauri hilo halikumfurahisha mtu yeyote.

Wapolandi wa mji huo walikuwa watu wa kazi: wa reli, wa posta, wabeba mizigo bandarini, pamoja na wafanyabiashara wachache. Mwaka wa 1921 walianzisha shirika la shule lililoitwa Macierz Szkolna, na mwaka uliofuata wakafungua sekondari yao. Lakini kusoma shule ya Kipolandi kulikuwa na bei yake. Baba aliyemwandikisha mtoto wake kule, kama bwana wake wa kazi alikuwa Mjerumani, aliweza kufukuzwa kazi. Mwenye nyumba naye aliweza kumwambia ahame.

Kanisani mambo hayakuwa rahisi zaidi. Waprotestanti ndio waliokuwa wengi mjini, na hata kati ya Wakatoliki Wajerumani waliwazidi Wapolandi mbali sana. Mapadri wakubwa wa parokia walikuwa Wajerumani. Ibada ya Kipolandi ilipata saa na nafasi iliyobaki baada ya wenye kanisa kutumikiwa. Komorowski aliona kwamba mgeni katika nyumba ya mwingine, hata akaribishwe vizuri namna gani, siku moja ataombwa kutoka.

Hapo akajiunga na wenzake katika chama cha kujenga makanisa ya Kipolandi. Feza ya kujenga kanisa jipya haikuwako. Lakini katika mtaa wa Langfuhr, ambao Wapolandi wanauita Wrzeszcz, kulikuwa na majengo ya askari wa farasi wa zamani wa Prusia. Mojawapo lilikuwa jumba kubwa ambamo askari walizoezwa kupanda farasi. Wapolandi walilipata jumba hilo, wakalisafisha na kulitengeneza, na mwaka wa 1925 likawa kanisa la Mtakatifu Stanislaus. Lilikuwa kanisa la kwanza la Wapolandi katika Mji Huru. Mahali ambapo wapanda farasi wa Kaisari wa Ujerumani walifanyia mazoezi, watoto wa watu wa reli sasa walijifunza katekisimu kwa Kipolandi.

Kutoka hapo Komorowski akawa mtu wa kila kazi. Alisali misa, alifundisha dini, alikaa katika vyama vya Wapolandi, alisaidia waliokosa kazi. Mwaka wa 1933 aliingia hata katika baraza la mji. Kuna watakaosema padri hafai kuingia siasa. Lakini katika mji ambamo kuandikisha mtoto shule kulikuwa tendo la siasa, ni vigumu kuona angepita njia gani.

Mwaka huohuo Wanazi walishinda uchaguzi wa Danzig, kwa kura zilizopita nusu kidogo tu. Tangu hapo vyama vingine vilivunjwa kimoja kimoja, magazeti yakafungwa, Wayahudi wakasukumwa waondoke. Wapolandi walipigwa barabarani na vijana waliovaa unifomu, na polisi wakageuza uso.

Jambo lililoonyesha wazi nguvu ilikuwa kwa nani lilitokea mwezi wa kumi 1937. Danzig sasa ilikuwa na askofu wake, Edward O'Rourke, mtu wa ukoo uliotoka zamani Ireland. Tarehe 10 alitangaza parokia mbili za Wapolandi: moja kwa Komorowski, katika kanisa la Mtakatifu Stanislaus, nyingine kwa padri Franciszek Rogaczewski, katika kanisa la Kristo Mfalme. Baada ya miaka 12 ya kuongoza kanisa bila cheo cha paroko, Komorowski alikipata. Seneti ilikasirika. Siku tatu tu zikapita, na askofu akalazimishwa kurudi nyuma. Mwezi uleule chama cha Wakatoliki wa Kijerumani nacho kilivunjwa, maana Wanazi hawakupenda Wakatoliki wenye msimamo, hata wawe wa damu yao. Mwaka uliofuata O'Rourke aliacha uaskofu wa Danzig, na Carl Maria Splett akachukua nafasi yake. Komorowski alibaki na watu wake, bila cheo.

Mwaka wa 1939 kila mtu mjini aliona vita inakuja. Komorowski hakuondoka.

Tarehe 1 mwezi wa tisa, saa kumi na dakika 45 alfajiri, meli ya vita ya Ujerumani Schleswig-Holstein ilianza kupiga mizinga kwenye kituo cha askari wa Polandi cha Westerplatte, kwenye mlango wa bandari. Asubuhi hiyohiyo watumishi wa posta ya Polandi walikuwa wanapigana na Wanazi ndani ya jengo lao. Polisi na wanamgambo walipita nyumba kwa nyumba na orodha za majina zilizotayarishwa mbele. Komorowski alikamatwa siku hiyo na kupelekwa Victoriaschule, shule iliyogeuzwa jela, ambako Wapolandi walipigwa vibaya.

Kesho yake alikuwa katika kundi la kwanza la wafungwa, karibu 150, waliopelekwa Stutthof. Kambi yenyewe haikuwa imekwisha kujengwa. Wafungwa ndio waliokata miti na kusimamisha mabanda ya kuwafungia wao wenyewe. Mapadri walipewa kazi chafu zaidi, kama kusafisha vyoo, na walipigwa kwa sababu ya upadri wao.

Rogaczewski aliuawa kule tarehe 11 mwezi wa kwanza 1940. Zamu ya Komorowski ilikuja wakati wa Pasaka. Siku ya Alhamisi Kuu wafungwa waliadhimisha misa kwa siri ndani ya banda, na wengine wakapata komunyo. Kesho yake Komorowski na padri Marian Górecki, aliyefundisha dini katika sekondari ya Wapolandi, walitolewa pamoja na wengine 65. Mwaka huohuo Askofu Splett alikataza hata kuungama kwa Kipolandi.

Vita ilipokwisha Danzig ikawa Gdańsk ya Polandi, na sasa Wajerumani ndio waliofukuzwa. Splett alihukumiwa na mahakama ya Polandi mwaka wa 1946. Kanisa la Mtakatifu Stanislaus liko mpaka leo Wrzeszcz. Tarehe 13 mwezi wa sita 1999, mjini Warszawa, Papa Yohane Paulo wa Pili aliwatangaza Komorowski, Rogaczewski na Górecki kuwa wenye heri, kati ya Wapolandi 108 waliouawa wakati wa vita.

Kaburi la waliopigwa risasi lilifukuliwa baada ya vita, na miili ikapelekwa kwenye makaburi ya Zaspa, si mbali na kanisa lake. Walizikwa mwezi wa nne 1947, tena siku ya Ijumaa Kuu.