Charles Boycott: Aliyesusiwa hadi jina lake likawa neno

Chama kinapokataa kushiriki uchaguzi, au wanunuzi wanapoziacha bidhaa za kampuni fulani, Kiingereza huita kitendo hicho "boycott". Neno hilo awali lilikuwa jina la ukoo wa mtu.

Charles Cunningham Boycott alizaliwa mwaka 1832 Norfolk, Uingereza, akiwa mtoto wa kasisi. Baada ya kutumikia jeshi kwa muda mfupi, alihamia Ireland, nchi jirani iliyokuwa chini ya utawala wa London. Huko akawa wakala wa Lord Erne, mwenye mashamba makubwa katika eneo la Mayo. Alikusanya kodi ya ardhi na kuwafukuza walioshindwa kulipa.

Mwaka 1880, kufuatia misimu ya mavuno mabaya, wapangaji waliomba wapunguziwe kodi kwa asilimia 25. Lord Erne alikubali asilimia 10 tu. Mwezi Septemba, kiongozi wa wakulima Charles Stewart Parnell aliwashauri wananchi wamtenge yeyote atakayechukua shamba la aliyefukuzwa. Siku chache baadaye, Boycott alipoanza kupeleka hati za kuwafukuza wapangaji, watu wa Mayo walimwadhibu kwa njia hiyohiyo. Vibarua waliondoka shambani, wenye maduka wakakataa kumuuzia chakula, na barua zake zikakosa wa kuzipeleka.

Novemba, watu wapatao 50 wa kujitolea walitoka kaskazini kuja kumvunia, wakilindwa na mamia ya askari. Inakadiriwa kuwa ulinzi huo uligharimu pauni 10,000, ilhali mazao yenyewe yalikuwa na thamani ya takriban pauni 500. Desemba ilipoanza, Boycott na familia yake waliondoka Ireland.

Mwaka uliofuata alirejea Mayo, na mwaka huohuo Bunge la Uingereza likapitisha sheria iliyowawezesha wapangaji kwenda mahakamani ili wapangiwe kodi ya haki. Alifariki dunia mwaka 1897 huko Suffolk, Uingereza, jina lake likiwa tayari limeingia katika lugha kadhaa za Ulaya.

Maana yake nayo ilipanuka. Hapo mwanzo lilihusu kumtenga mtu mmoja; leo linahusu pia bidhaa, michezo na mataifa. Kiswahili hakikuhitaji kuliazima. Kilikuwa na neno lake, kususa, la mtu anayekiacha chakula mezani kwa sababu ameudhika.