Harold Edwin Hurst, Mpima Maji ya Mto Naili

Kila tukutanapo hupenda kukumbushana watu waliofika mbali kwa elimu. Safari hii nimeona niandike juu ya mtu asiyekuwa wa kwetu, ila kazi yake inatugusa sisi tuliosoma Bariadi. Maji ya Mto Simiyu huingia Ziwa Victoria katika Ghuba ya Speke, na maji ya ziwa hilo hutoka kwa Mto Naili kuelekea Misri.

Hurst alizaliwa karibu na Leicester, Uingereza, tarehe 1 Januari 1880. Baba yake alikuwa fundi mjenzi wa kijijini, mtu wa kipato kidogo. Kijana aliacha shule akiwa na miaka 15, akiwa amejifunza kemia na useremala. Akafundisha akiwa mwalimu mwanagenzi, na jioni akasoma. Alipotimiza miaka 20 alipata nafasi Oxford, akafaulu fizikia kwa daraja la kwanza. Mwaka 1906 alikwenda Misri kwa kazi ya muda mfupi. Muda huo mfupi ukawa miaka 62.

Huko alikabidhiwa kazi ya kupima mto. Alisafiri katika bonde la Naili kwa miguu pamoja na wapagazi, kwa baiskeli, kwa gari na baadaye kwa ndege. Swali lake lilikuwa hili: bwawa liwe na ukubwa gani ili miaka ya neema iweze kulisha miaka ya ukame? Alitumia vipimo vya kisiwa cha Roda, Cairo, vilivyoanza mwaka 622. Kama miaka ingekuja ovyo, mithili ya kurusha sarafu, muda ukiongezeka mara 4 akiba ingetakiwa kuongezeka mara 2 tu. Hurst aliona inahitajika karibu mara 2.7. Sababu ni kwamba miaka ya mvua huandamana, na ya ukame vivyo hivyo. Alitangaza matokeo hayo mwaka 1951, na mwaka 1968 Benoit Mandelbrot akaipa hali hiyo jina la Yusufu, yule wa ng'ombe wanono na waliokonda.

Hapana budi niseme na upande wa pili. Katika mipango ya Hurst, maziwa yetu makuu yalikuwa ghala la Misri. Bwawa la Owen Falls pale Jinja, lililofunguliwa mwaka 1954, lilijengwa kwa kimo cha kuwezesha ziwa kuongezwa kiasi cha mita 1 kwa ajili hiyo. Hesabu zilikuwa sahihi, lakini mwenye kuingiliwa na maji shambani alikuwa mkulima na mvuvi wa huku, ambaye hakuwa mezani mikataba ilipotiwa saini. Ndiyo maana mwaka 1962 Serikali ya Tanganyika, chini ya Mwalimu Nyerere, ilikataa kufungwa na mkataba wa 1929 wa Uingereza na Misri.

Kati ya 1961 na 1964 ziwa lilipanda lenyewe kwa mvua, yapata mita 2.5, na kwa miaka mingi halikurudi kimo chake cha zamani. Mwaka 2020 lilifikia tena kimo cha 1964. Watu wa Lamadi na pwani yote ya Busega wanajua maana yake.

Akiba ya miaka mingi aliyoitaka Hurst hatimaye ilipatikana Misri kwenyewe, Bwawa Kuu la Aswan lilipokamilika mwaka 1970. Yeye alifariki tarehe 7 Desemba 1978, akiwa na umri wa miaka 98.

Sisi wa Simiyu, mkoa wa pamba na mifugo, tunalo la kuchukua kwake. Tuchimbapo lambo au kujenga ghala, tusipime kwa msimu mmoja uliopita. Ukame ukija, haji peke yake. Huja na ndugu zake. Na wanaoishi kando ya maji waulizwe kabla ya mipango kupitishwa.