Majuma ya Kasisi Rebmann Kule Rabai

Mwanafunzi yeyote wa historia katika shule zetu akiulizwa Johannes Rebmann alikuwa nani, atajibu bila kusita kwamba ni yule mmishenari Mjerumani aliyeuona mlima Kilimanjaro tarehe 11 Mei 1848, akawa Mzungu wa kwanza kuandika kwamba kileleni pake pana theluji. Jibu hilo litampatia alama zake, naye mwalimu atapita kwenye swali linalofuata. Yafaa ikumbukwe, hata hivyo, kwamba siku hiyo ilikuwa moja tu katika miaka 29 ambayo mtu huyu aliishi katika pwani yetu bila kurudi kwao Ulaya hata mara moja. Miaka hiyo ni majuma elfu moja na mia tano hivi. Hayo majuma ndiyo ninayotaka tuyatazame leo, kwa kuwa ndani yake, wala si katika asubuhi moja ya Mei, ndimo ilimo kazi yake.

Rebmann alizaliwa tarehe 16 Januari 1820 huko Gerlingen, karibu na Stuttgart, Ujerumani, katika jamii ya wakulima. Alisomea dini Basel, Uswisi, kisha London, katika chuo cha chama cha kimishenari cha Kanisa la Uingereza, CMS, ambacho ndicho kilichomtuma huku. Alifika Mombasa Juni 1846 akapokewa na Ludwig Krapf, ambaye alikuwa amemtangulia kwa miaka miwili na tayari alikuwa amemzika mkewe na mtoto wao mchanga. Homa haikumpa mgeni nafasi ya kupumua. Tarehe 25 Agosti mwaka huo makasisi hao wawili walipanda kwenda Rabai, wote wakiwa wagonjwa, wakipokezana punda mmoja. Wazee wa Rabai walikuwa wamewakubalia kukaa, na nyumba ya miti na udongo iliyoezekwa kwa makuti ikasimama.

Hapo ndipo shughuli za juma zilipoanza, na kikwazo kimoja cha mapema kilikuwa cha hesabu kabla hakijawa cha imani. Kasisi alikuja na juma la siku saba ambalo kilele chake ni Jumapili. Wenyeji wake, waliokuwa wakiitwa Wanyika wakati huo na ambao leo tunawaita Wamijikenda, walihesabu juma la siku nne: siku tatu za kulima na moja ya kupumzisha jembe, ambayo Wagiriama huiita jumwa. Waswahili wa Mombasa nao walianza kuhesabu siku zao baada ya Ijumaa, ndiyo maana siku ya ibada ya Wakristo, ambao huiona kuwa ya kwanza, hadi leo tunaiita siku ya pili. Mwalimu wa hesabu ataona mara moja matokeo yake. Siku ya nne ya Mrabai na Jumapili ya kasisi zilikutana mara moja tu katika kila siku 28. Jumapili tatu zilizosalia zilimkuta Mrabai katika siku zake za jembe, naye hakuwa na sababu ya kuliacha eti kwa ajili ya kalenda ya mgeni.

Basi, kwa kuwa watu hawakuja, kasisi aliwaendea. Kazi yake ilikuwa kuzunguka katika vitongoji na mashamba, kuketi na wazee, kuwafundisha kusoma watoto wachache waliopatikana, kuandika barua za kupeleka London, na kushuka Mombasa kutafuta mahitaji. Katikati ya hayo yote kulikuwa na homa, ambayo haikufuata kalenda ya mtu yeyote. Popote alipokwenda alisikiliza maneno, akarudi nayo nyumbani na kuyaandika.

Hata habari ya mlima, ukiichunguza vizuri, ni habari ya neno. Kiongozi wa safari, Bwana Kheri, alipoulizwa ule weupe wa kileleni ni nini, hakuwa na jina la kuuita isipokuwa baridi. Kiswahili cha pwani hakikuwa na haja ya neno la theluji. Rebmann, aliyekulia penye theluji, alielewa papo hapo. Msomi mmoja wa jiografia huko London, W. D. Cooley, ambaye hakuwahi kukanyaga Afrika Mashariki, alikataa katakata kwamba theluji yaweza kuwako karibu na ikweta, na ubishi ukaendelea hadi safari za Karl von der Decken za 1861 na 1862 zilipoukata. (Wachaga, bila shaka, hawakungoja kuamuliwa jambo hilo na London.) Katika safari yake ya tatu, mwaka 1849, Rebmann alinyang'anywa mali yake na Mangi Mamkinga wa Machame, akarudi Rabai mikono mitupu. Hakwenda tena Uchagani. Krapf aliondoka nchini mwaka 1853, na mzigo wa Rabai ukabaki mabegani mwa Rebmann na mkewe Emma, Mwingereza aliyemwoa Cairo mwaka 1851.

Katika miaka hiyo ndipo alipokutana na mtu ambaye vitabu vyetu vya shule havimtaji kamwe. Aliitwa Salimini. Alikuwa mtumwa, aliyetekwa katika nchi iliyo magharibi ya Ziwa Nyasa na kufikishwa pwani kwa njia ile ile waliyopitishwa maelfu wengine. Rebmann aliketi naye kuanzia 1853, neno baada ya neno, wakaikusanya lugha ambayo kasisi aliiita Kiniassa na ambayo leo tunaijua kama Chichewa au Kinyanja. Kasisi hakuwahi kuliona ziwa lenyewe. Lugha nzima ya nchi ya mbali ilimfikia kupitia kumbukumbu ya mtu mmoja aliyepokonywa kila kitu kingine. Wanafunzi wetu wa uzamili, ambao siku hizi huenda nyanjani kwa wiki mbili wakiwa na hojaji na kurudi na tasnifu, wangefaidika kulitafakari jambo hili. Tena walizingatie swali ambalo isimu yetu hulikwepa: katika kazi kama hiyo, nani mwalimu na nani mwanafunzi?

Nafasi za kupata umaarufu hazikukosekana. Ramani aliyoichora pamoja na mwenzake Jakob Erhardt, iliyoonyesha ziwa moja kubwa mno katikati ya bara, ilizua mjadala mkubwa Ulaya, na ilikuwa miongoni mwa sababu za safari ya Richard Burton na John Speke. Wawili hao walimzuru mwaka 1857, naye akiwa amealikwa kuandamana nao. Hakwenda. Mwaka huo huo uvamizi wa Wamaasai ulimlazimisha kukimbilia Unguja, lakini hatimaye alirudi pale pale Rabai. Emma alifariki mwaka 1866, na bado hakuondoka.

Wakubwa wa misheni walipima kazi kwa idadi ya waliobatizwa, na kwa kipimo hicho Rebmann alishindwa. Bartle Frere alipofika mwaka 1873 alikuta jumuiya ndogo sana ya waumini na kasisi ambaye macho yake yalikuwa yakizimika. Sina nia ya kumpamba. Yeye na Krapf waliandika juu ya mila za Wamijikenda kwa ukali usiostahili, na mengi waliyoyaita giza yalikuwa maarifa ambayo hawakuwa tayari kuyasikia. Isitoshe, alikuwa mzito wa kuchapisha, akizirudia karatasi zake mwaka hata mwaka. Lakini anayemlaumu kwa uchache wa waumini sharti aeleze pia ni nani mwingine wakati huo aliyekuwa akiyaandika maneno ya Kirabai kwa subira kama ile.

Aliondoka mwaka 1875 akiwa kipofu, akiongozwa na Isaac Nyondo, kijana wa Rabai ambaye baba yake, Abe Gonja, alikuwa miongoni mwa waumini wa mwanzo. Alifariki Korntal, Ujerumani, tarehe 4 Oktoba 1876, mwaka ule ule ilipochapishwa tafsiri yake ya Injili ya Luka kwa Kiswahili. Kamusi zilikuja baadaye: ya Kiswahili, iliyotolewa kwa jina la Krapf, mwaka 1882, na ile ya Kinyika, walioichangia wote wawili, mwaka 1887. Iliyotangulia zote ni ya Kiniassa, iliyohaririwa na Krapf mwaka 1877. Ukurasa wake wa kwanza una majina mawili, la Rebmann na la Krapf. Anayelitaka la Salimini itambidi aingie ndani, katika dibaji.