Schneider: Mkali wa theluji aliyegoma kuwapigia magoti Wanazi

KATIKA mchezo wa kuteleza kwenye theluji, nguvu za mapaja peke yake hazimfikishi mtu chini ya mlima akiwa mzima. Kinachombeba ni magoti na vifundo vya miguu vinavyokunjika vizuri, pamoja na kujua wakati wa kuhamisha uzito kutoka mguu mmoja kwenda mwingine.

Aliyeeneza somo hilo duniani ni Hannes Schneider, raia wa Austria aliyezaliwa Juni 24, 1890 katika kijiji cha Stuben, milima ya Arlberg.

Enzi za utoto wake, mtindo uliotamba ulikuwa wa Telemark kutoka Norway. Mtelezaji alishuka akiwa amesimama wima juu ya skii, zile mbao mbili ndefu zinazofungwa miguuni. Akitaka kukata kona, alitanguliza mguu mmoja na kushusha goti la nyuma.

Kwenye vilima vya Norway mambo yalikuwa safi. Lakini kwenye miteremko mikali ya Alps, ukishika kasi tu mwili unayumba, mwereka ni nje nje.

Mwaka 1907, akiwa kijana wa miaka 17, Schneider alichukuliwa na Hoteli ya Post mjini St. Anton ili awafundishe wageni. Huko ndiko alikoanza kuusuka mtindo wake. Badala ya kusimama wima, alichuchumaa. Magoti yakakunjwa, kiwiliwili kikaegemea mbele, uzito ukasogea karibu na ardhi.

Ni kama kipa anayesubiri penalti. Hasimami kama mlingoti, anakunja magoti ili awe tayari kwenda upande wowote. Kwa mtelezaji, goti lililokunjwa ni kama springi ya gari. Tuta likija mguu unakunjika, shimo likija unanyooka, na kichwa kinabaki palepale.

Kona nazo alizibadilisha. Alifungua mkia wa skii moja kwa nje, akaihamishia uzito, akainua mwili kidogo ili mbao ziwe nyepesi kugeuka, kisha akaileta ya pili sambamba.

Vita ya Kwanza ya Dunia ilipozuka, alifundisha wanajeshi wa milimani, na hapo akazoea kunoa watu wengi kwa mkupuo. Baada ya vita alianzisha shule St. Anton na kugawa wanafunzi kwa madaraja. Anayeanza alishuka polepole skii zikiwa zimekaa kama kabari, akiiva anapanda daraja.

Jina lake likapaa. Alicheza filamu za Mjerumani Arnold Fanck, mwaka 1928 akaanzisha mashindano ya Arlberg-Kandahar pamoja na Mwingereza Arnold Lunn, na mwaka 1930 akaenda kufundisha Japan.

Ila nyumbani hali ilichafuka. Schneider hakuwataka Wanazi, na alisimama upande wa rafiki yake Rudolf Gomperz, mwenye asili ya Kiyahudi, aliyekuwa nguzo ya utalii wa St. Anton. Machi 1938, Hitler alipoimeza Austria, Schneider alikamatwa na kutupwa jela ya Landeck. Baadaye alihamishiwa Garmisch-Partenkirchen, Ujerumani, akiwa chini ya uangalizi.

Kilichomwokoa ni mchezo wake. Harvey Gibson, bosi wa benki wa Marekani aliyekuwa na mlima wa kutelezea kwao North Conway, jimbo la New Hampshire, alitumia uzito wake kwa mabenki ya Ujerumani hadi Schneider akaachiwa. Februari 1939 alitua North Conway na familia yake, akapokewa na watoto waliomnyanyulia fimbo za kutelezea na kumtengenezea njia ya kupita.

Gomperz hakupata bahati hiyo. Aliuawa na Wanazi mwaka 1942.

Schneider alifundisha North Conway hadi alipofariki Aprili 26, 1955. Mwanawe Herbert alirudi Ulaya kupigana na Wajerumani nchini Italia akiwa na kikosi cha milimani cha Marekani, kisha akaiendeleza shule ya baba yake.

Ule mchuchumao wa chini sana ulikuja kupitwa na wakati, vijana wakainuka zaidi na kubana skii pamoja. Lakini hadi leo, anayeanza mchezo huu hufundishwa kabari kwanza, na kuambiwa akunje magoti.