Duke wa Aosta: adui mwungwana aliyezikwa kando ya Mlima Kenya

Mtu wa Malindi akimtaja Mtaliano siku hizi, fikira humwendea mwenye hoteli au mwenye nyumba ya ufuoni. Wazee wetu walimjua Mtaliano mwingine. Mwezi wa Oktoba 1940 ndege za Italia ziliuangushia mji huo mabomu. Kamanda mkuu wa majeshi yote ya Italia upande huu wa Afrika wakati huo kaburi lake liko hapa hapa Kenya. Liko Nyeri, na kwa mtu aliyeko Embu au Meru ni upande wa pili wa mlima. Huyo ni Amedeo wa Savoia, Duke wa Aosta.

Alizaliwa Torino, kaskazini mwa Italia, mwaka 1898, katika ukoo wa wafalme wa nchi hiyo. Alisomea Uingereza kwa muda na Kiingereza akakijua vyema. Alikuwa kijana mrefu kupita kiasi, karibu mita mbili, na Vita vya Kwanza vya Dunia alivipigana katika kikosi cha mizinga. Baada ya vita alifanya jambo ambalo watoto wa wafalme hawana desturi nalo. Alikwenda Kongo, Stanleyville, mji tunaouita leo Kisangani, akafanya kazi ya kawaida kiwandani bila kutangaza ukoo wake.

Baada ya Kongo alipelekwa Libya, na hapo sisi Waislamu tunapaswa kuangalia vizuri. Wasifu wake mwingi husifu adabu yake na kulipita jambo hili haraka. Alitumika jangwani na vikosi vya ngamia chini ya Jenerali Rodolfo Graziani, katika vita vya kuwavunja Wasanusi. Vita hivyo ndivyo vilivyowatia maelfu ya mabedui kambini wakafa kwa njaa na maradhi, na ndivyo vilivyomfikisha Sheikh Omar al-Mukhtar kitanzini Septemba 1931, naye ni mzee wa miaka zaidi ya 70. Mwaka huo huo Amedeo alirithi cheo cha baba yake, akawa Duke wa Aosta. Baadaye akahamia jeshi la anga.

Oktoba 1935 Italia iliivamia Ethiopia, na Mei 1936 ikaingia Addis Ababa. Graziani akawekwa kuitawala nchi. Februari 1937, baada ya jaribio la kumuua, raia waliuawa kwa maelfu mjini humo. Mwishoni mwa mwaka huo Mussolini alimwondoa Graziani na kumpeleka Duke awe makamu wa mfalme katika Afrika Mashariki ya Kitaliano, yaani Ethiopia, Eritrea na Somalia. Alipunguza ukali na akataka kutawala kwa mazungumzo zaidi. Hata hivyo nchi haikuwa yake, sheria za kibaguzi zilibaki, na wapiganaji wa Ethiopia hawakushuka milimani.

Sasa tusimame Meru tutazame kaskazini. Ukishuka kutoka Meru unafika Isiolo, na kutoka Isiolo njia inakwenda Marsabit hadi Moyale. Kabla ya 1936 aliyekuwa ng'ambo ya mpaka huo ni Mhabeshi. Tangu mwaka huo jirani akawa dola ya Ulaya yenye ndege, vifaru na askari wengi. Wakimbizi walivuka kuja Kenya wakawekwa kambini Isiolo, na baadaye wakahamishiwa Taveta, huku kwetu Pwani. Wao ndio waliokuwa habari ya kwanza ya mambo yaliyokuwa yakitendeka kule.

Serikali ya Uingereza ilikuwa na njia nyingine za kupata habari. Balozi zake ndogo ndani ya Ethiopia, kwa miaka mingi ikiwemo ya Mega karibu na mpaka wa Kenya, zilikuwa na kazi ya kuandika yale waliyoyaona: barabara zilizochongwa, vikosi vilivyohamishwa. Halafu Aprili 1938 Uingereza na Italia zilitia sahihi mapatano mjini Roma. Moja katika mambo waliyokubaliana ni kupeana taarifa za majeshi yao, na Kenya ilitajwa kwa jina miongoni mwa nchi zinazohusika. Italia iliahidi pia kutoandikisha wenyeji wa Ethiopia kupita mahitaji ya polisi na ulinzi wa ndani. Kwa karatasi, basi, kila upande ulijua aliyonayo mwenziwe.

Hesabu zenyewe zilitisha. Italia ilipoingia vitani Juni 1940, Duke alikuwa na askari zaidi ya 250,000, wengi wao Waafrika. Kenya nzima ilikuwa na wapatao 8,500. Aliyehesabu vichwa peke yake angesema Waitaliano watafika Isiolo, wapande Meru, na kesho yake wako Nairobi.

Duke mwenyewe hakuona hivyo. Aliijua ghala yake. Petroli ilikuwa ya kuhesabu, matairi yalikuwa machache, vifaru na mizinga mingi ilikuwa ya zamani, na Mfereji wa Suez ulikuwa mkononi mwa Mwingereza. Vita vikianza, hakuna meli ya Italia itakayompita. Kadhalika sehemu kubwa ya jeshi ilikuwa na kazi ya kuwazuia wapiganaji wa Ethiopia nyuma yake. Aprili 1940 alikuwa Roma, akawaeleza wakubwa kwamba kushambulia ni jambo lisilotarajiwa na hata kushikilia yaliyopo kutakuwa kugumu. Baada ya miezi miwili Mussolini alitangaza vita. Mtu aliyesema hatuko tayari akarudishwa kuongoza vita hivyo hivyo, naye akatii.

Gharama ya utiifu huo waliilipa watu ambao hawakuulizwa. Moyale ilitekwa Julai 1940, na Waitaliano wakaingia Kenya mwendo wa kama kilomita 100 kisha wakakwama. Wajir na Malindi zilipigwa kwa mabomu. Vijana wa Meru na Embu, pamoja na wa makabila mengine ya Kenya, waliandikishwa kubeba bunduki na mizigo. Na Meru hiyo hiyo ilikuwa na Waitaliano wa aina nyingine: mapadri wa Consolata, shirika lililoanzishwa Torino mwaka 1901, katika mji ule ule aliozaliwa Duke. Walikuwa Meru kwa miaka mingi wakiendesha shule na zahanati. Vita vilipotangazwa, wengi wa mapadri wa shirika hilo nchini Kenya walitiwa kizuizini kwa kuwa raia wa nchi adui.

Mwanzoni mwa 1941 yale aliyoyatabiri Duke yalitimia. Jeshi la Uingereza, lililokuwa limeongezewa askari wa Afrika Kusini na Afrika Magharibi, liliondoka Kenya likachukua Kismayu na Mogadishu mwezi wa Februari, na Addis Ababa tarehe 6 Aprili. Mei 5 Mfalme Haile Selassie akarudi katika mji wake. Duke alikuwa amejifungia na askari elfu chache kwenye mlima wa Amba Alagi, kaskazini. Maji na dawa vilipopungua na majeruhi wakazidi, alisalimu amri tarehe 19 Mei. Waingereza walimpigia saluti.

Aliletwa Kenya akiwa mateka, akawekwa Donyo Sabuk, karibu na Thika. Siku mawingu yakifunguka, Mlima Kenya huonekana kutoka kilima hicho. Hakukaa hata mwaka. Malaria na kifua kikuu vilimuua hospitalini Nairobi tarehe 3 Machi 1942, naye ana miaka 43, akiacha mjane na mabinti wawili. Leo analala Nyeri, Mathari, katika kanisa la kumbukumbu pamoja na wanajeshi wake 676. Alitaka azikwe miongoni mwao.

Tumweke wapi mtu huyu? Uungwana wake ulikuwa wa kweli, hata maadui waliushuhudia, na dini yetu inatuamuru kuwa waadilifu hata kwa tunaowachukia. Uadilifu huo huo unatutaka tuseme kwamba alitumika Libya katika vita vya dhuluma na aliitawala Ethiopia kwa nguvu za wengine. Aliwaambia wakubwa wake ukweli kuhusu petroli na matairi. Sijaona mahali popote palipoandikwa kwamba aliwaambia nchi hiyo si yao.

Na upande wa pili, waliokaa kuhesabu askari wake miaka yote ile hawakuwauliza watu wa Moyale, Wajir wala Malindi kama wana mahali pa kujificha. Wachache waliokuwa watoto siku ile ya mabomu bado wako hai. Mwenye bibi au babu wa Malindi aliyeiona, na akae naye jioni moja aiandike kabla haijatupotea.