Kazimierz Nowak: Aliyevuka Afrika kwa baiskeli akitafuta hela ya kulisha watoto

Ukitoka Kibiti na baiskeli kwenda Maparoni, kuna mahali utashuka tu, upende usipende. Barabara inaishia Nyamisati. Kuanzia hapo ni maji, mikoko na tope, na baiskeli yako inageuka mzigo wa kwenye boti kama gunia la unga.

Kazimierz Nowak, raia wa Poland, aliishi hivyo kwa miaka mitano. Kati ya 1931 na 1936 alitoka kaskazini mwa Afrika mpaka ncha ya kusini, kisha akageuza na kurudi tena kaskazini kwa njia nyingine. Jumla ni karibu kilomita 40,000. Alianza na baiskeli. Ilipomshinda alipanda farasi, akapiga kasia, akapanda ngamia, na kwingine akatembea kwa miguu.

Njia yake ilipita bara, upande wa Maziwa Makuu, mbali na delta ya Rufiji. Lakini habari ya chombo kinachokubeba leo, kesho ukakibeba wewe, watu wa delta hawahitaji kuelezwa.

Kazi ilipokosekana

Nowak alizaliwa 1897 huko Stryj, mji ambao leo uko Ukraine. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza alihamia Poznań, magharibi mwa Poland, akafanya kazi ya ofisini kwenye bima. Akaoa. Yeye na mkewe Maria wakajaliwa watoto wawili, Elżbieta na Romuald.

Kisha uchumi ukayumba, kazi ikawa hakuna. Kuanzia 1925 Nowak alizunguka nchi za Ulaya kwa baiskeli, akipiga picha na kuandika makala za kuwauzia wenye magazeti. Mwaka 1928 alivuka bahari akafika Tripolitania, sehemu ya Libya ya leo, iliyokuwa chini ya Waitalia. Mfuko ulikuwa mtupu, akarudi nyumbani.

Tarehe 4 Novemba 1931 akaondoka tena. Alipanda treni Poznań kwenda Roma akiwa na baiskeli iliyokwisha kutumika miaka saba. Mdhamini hana. Mpango wenyewe ulikuwa mwepesi kuueleza: yeye atatuma picha na barua, Maria atazipeleka magazetini, na malipo yatalisha watoto, kinachobaki kimfuate huko aliko.

Leo tungemwita mtengeneza maudhui. Tofauti ni kwamba yeye barua yake ilichukua wiki nyingi kufika, na jibu nalo hivyo hivyo.

Siku moja jangwani

Alitua Tripoli wakati mbaya. Septemba 16 mwaka huohuo, wiki chache tu kabla, Waitalia walikuwa wamemnyonga Omar al-Mukhtar, mzee aliyeongoza vita dhidi yao kwa karibu miaka 20. Mgeni mwenye kamera, peke yake, juu ya baiskeli, hakuwa mtu wa kuachwa apite hivi hivi. Nowak naye hakuwa shabiki wa wakoloni. Alichoandika njiani kiliegemea zaidi upande wa wenyeji kuliko upande wa mabwana zao, jambo ambalo wazungu wengi wa enzi hizo hawakuwa nalo.

Siku ya baiskeli jangwani haina mambo mengi, ila ni ndefu. Unaondoka alfajiri kabla jua halijawaka, maana saa za asubuhi ndizo saa za kwenda. Ardhi ikiwa ya changarawe ngumu unapiga pedali na kuimba. Ukikuta mchanga laini, tairi nyembamba inazama, unashuka, unaanza kukokota. Aliyewahi kukokota baiskeli yenye gunia kwenye njia ya mchanga huku Kibiti anajua mikono inavyouma. Ongeza hapo hema, kamera, vifaa vya kuziba pancha, na maji.

Maji ndiyo hesabu kubwa kuliko zote. Ukibeba machache utakufa, ukibeba mengi huendi. Mchana wa jua kali unatafuta kivuli, na kisipokuwepo unajitengenezea kwa baiskeli na kitambaa. Usiku kunakuja baridi ambayo mtu wa pwani hawezi kuiamini, hasa kwenye nyanda za juu, ambako jangwa hutoa joto lake lote mara jua likizama. Asubuhi unaamka umekauka, unaangalia tairi, unapiga kiraka, unaanza tena.

Kwa nini hakurudi?

Kutoka Libya alikwenda Misri, akafuata Nile kuingia Sudan, akashuka hadi Kongo ya Mbelgiji na Ruanda-Urundi. Malaria ilimkamata njiani, na haikumwachia tena. Mwaka 1934 akafika Rasi ya Agulhas, Afrika Kusini, mahali ambapo bara linaishia.

Hapo wengi wangetafuta meli. Yeye akageuza baiskeli kuelekea kaskazini.

Msomaji ana haki ya kuuliza: baba aliyeondoka kwa ajili ya watoto, mbona hakuwarudia alipopata nafasi? Jibu la kwanza ni hela. Safari ndiyo ilikuwa bidhaa, na ikikoma hakuna cha kuuza. Jibu la pili ni gumu zaidi kulitetea: aliipenda safari yenyewe. Vyote viwili vinaweza kuwa kweli kwa mtu mmoja. Kwa Maria, aliyebaki Poznań na watoto na bahasha, huenda tofauti haikuwa kubwa.

Kwenye nchi kavu ya Namibia ya leo baiskeli ilichoka, akaendelea kwa farasi. Angola akaingia mtoni, akateremka kwa mtumbwi hadi Kongo. Akapanda mpaka eneo la Ziwa Chad, na kutoka huko akavuka Sahara kwa ngamia, safari ya miezi kadhaa, hadi oasisi ya Ouargla nchini Algeria.

Ouargla akaachana na ngamia, akarudi kwenye baiskeli. Mbele yake zilikuwa karibu kilomita 800: kutoka mchangani, kuvuka milima ya Atlas na nyanda kavu za juu zenye mwinuko wa mita 1,000 hivi, mpaka baharini. Mwili ulikuwa umeshachakaa kwa homa. Novemba 1936 akaingia mji wa Algiers, miaka mitano kamili tangu aondoke.

Mwaka mmoja nyumbani

Poznań alikuta watoto wamekua. Alizungusha picha zake na kutoa mihadhara, na alikuwa tayari anaota safari nyingine, ya Asia. Haikufika huko. Malaria ilikuwa imemmaliza nguvu, nimonia ikamkuta hana cha kupambana nayo. Alifariki Oktoba 13, 1937, akiwa na miaka 40. Hakufikisha hata mwaka mmoja tangu afike Algiers.

Baadaye ikaja vita ya pili ya dunia na jina lake likafifia. Lilirudi mwaka 2000, makala zake za zamani zilipokusanywa kuwa kitabu kimoja nchini Poland. Kuanzia 2009 hadi 2011 waendesha baiskeli wa Poland walipokezana vijiti kuifuata njia yake yote.

Mwaka 2006 kibao cha kumbukumbu yake kilizinduliwa katika stesheni ya treni ya Poznań. Aliyekizindua ni mwandishi Ryszard Kapuściński, ambaye mwanzoni mwa miaka ya 1960 aliishi Dar es Salaam akiwa mwandishi wa habari, naye pia malaria ya huku ilimlaza.